Siku Tisa za Kupatanisha Panya

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Mimi niliyezaliwa humo niliwahi kuitafuta, nikakuta mchoraji ameweka hapo ule mshale wa kuonyesha kaskazini. Hata hivyo nchi ipo. Ina mto katikati, na mto una watu wa juu yake na watu wa chini yake, nasi tuliwaita hivyohivyo, Wajuu na Wachini, maana hatukuwa watu wa kuharibu maneno.

Nilikuwa karani wa serikali, kazi yangu kuandika kumbukumbu za vikao. Kwa hiyo haya nayasimulia kwa uaminifu wote wa mtu aliyeajiriwa kuandika kile alichoambiwa kuwa kimesemwa.

Mwaka ule, baada ya uchaguzi ambao kila mgombea alishinda, kulitokea jambo ambalo sheria ilitutaka tuliite Kutoelewana kwa Muda. Katika Kutoelewana huko, nyumba za Wachini waliokuwa wakikaa kati ya Wajuu zilipatwa na moshi, na nyumba za Wajuu waliokuwa wakikaa kati ya Wachini zikapatwa na moshi vilevile. Hakuna aliyefukuzwa. Watu waliondoka wenyewe, wengine bila viatu kwa jinsi walivyopenda kuondoka. Serikali ikawapokea kwenye uwanja wa mpira wa mji mkuu, ikawapa mahema, na redio ikawaita Wageni wa Uwanja. Walikuwa elfu kumi na moja. Ligi iliahirishwa, na hapo ndipo wananchi wengi walipoanza kuhuzunika.

Mwezi wa nne wa mahema, mabalozi wawili wa nchi za mbali walikwenda kumuaga Mtukufu Mlezi. Huyo ndiye aliyekuwa rais wetu. Neno rais aliliona limembana. Kila balozi, bila kuulizana na mwenzake, alimletea mjukuu wa Mtukufu zawadi ya panya wa jangwani. Ni mnyama mdogo kuliko ngumi, mkia wake una kishungi cha manyoya, macho yake kama mbegu za papai. Mmoja alikuwa wa kahawia na mwingine mweusi. Wote walikuwa madume, wote watu wazima, na hawakuwahi kuonana.

Mtukufu akaagiza watiwe sanduku moja la kioo, liwekwe katikati ya meza ya karamu, wageni waone urafiki. Supu haijaondolewa mezani, wale wanyama walikuwa wamejiviringisha kama donge la uzi linalopiga kelele. Yule mweusi alipoteza ncha ya mkia. Wa kahawia alichanika sikio. Damu iliruka kwenye kioo mbele ya uso wa balozi mmoja, akaweka kijiko chini na hakukiinua tena. Ikulu ilitoa taarifa kwamba wanyama hao walisalimiana kwa nguvu.

Kesho yake saa nne asubuhi Mtukufu Mlezi alilihutubia taifa.

"Wananchi wapendwa," alisema, "jana nimeona aibu ya mnyama. Nikajiuliza, mnyama huyu amejifunza kwa nani? Nikapata jibu: amejifunza kwenu. Basi nimeamua. Huyu wa kahawia kuanzia leo ni Ndugu Juu. Huyu mweusi ni Ndugu Chini. Siku ya Mshikamano, yaani siku tisa kutoka leo, watakaa sanduku moja kwa amani, nanyi mtawaona kwenye runinga. Na siku hiyo watakapokaa, uwanja nitaufunga na kila mgeni atarudi kwake. Panya akiweza, raia atashindwaje?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka saa yangu ya mkononi ikasimama.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kupatanisha, wajumbe ishirini na wanne, mwenyekiti wake Mheshimiwa Mbaruku Tindo, Waziri wa Mshikamano na Makazi. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyewahi kufuga, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wa ulinzi ambaye mtu mwingine ndiye aliyemlisha. Siku ya kwanza ilijadiliwa kama panya waanze kwa kupeana mkono, na kama ni mkono wa kulia, kwa heshima. Kilijadiliwa kiapo, na nani atawaapisha. Jioni mjumbe mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kama hapa nchini hakuna mtu anayewajua panya.

Ndivyo alivyoletwa Bi Mwanamkuu Faki. Alikuwa ametunza wanyama wa maabara ya chuo kwa miaka ishirini na sita. Mfupi, sauti ya chini, mikono imejaa vijikovu vya meno. Alisimama mbele ya kamati, kanga yake imefungwa kiunoni, kwa sababu walimchukua katikati ya kazi.

"Mama, tueleze kwa ufupi," Waziri alisema. "Kinahitajika nini?"

"Wavu, Mheshimiwa. Na muda."

"Fafanua."

"Hawa ni watu wazima. Kila mmoja anamwona mwenziwe mwizi aliyeingia nyumbani. Na hamjui kwa sura, anamjua kwa harufu. Basi unagawa sanduku kwa wavu wa waya, tena mara mbili, meno yasifikiane. Huyu huku, yule kule. Kila siku unawabadilisha pande, huyu alale kwenye maranda aliyolalia yule. Mwanzo atachukia. Atapiga mguu chini, atafukua, atatafuna waya. Siku zikienda, harufu ya mwenziwe inakuwa harufu ya nyumbani. Ukiwaona wamelala mgongo kwa mgongo, wavu katikati, hapo ndipo unaanza kufikiria kuutoa. Na ukiutoa unawaweka pahali padogo, papya, pasipokuwa pa huyu wala pa yule, nawe umekaa papo hapo kutwa nzima na glavu mkononi."

"Siku ngapi hizo?"

"Wengine wiki mbili. Wengine mwezi. Wengine hawapatani abadani, na hao unawaacha na wavu wao. Wanaishi."

"Tunazo siku tisa."

"Mheshimiwa, harufu haina kalenda."

Waziri alinigeukia, akaniambia hilo nisiliandike. Nikaandika kwamba mtaalamu aliafiki siku tisa.

Wavu ukawekwa, na kwa siku tatu Bi Mwanamkuu alifanya kazi yake kama alivyosema. Kisha wabunge wa Juu wakaleta malalamiko. Walipima sanduku kwa rula, wakakuta upande wa Ndugu Juu umepungua unene wa kucha. Wavu ukasogezwa. Wabunge wa Chini wakapima, wakakuta umesogezwa. Ukarudishwa. Halafu ikajulikana kwamba panya wanabadilishwa pande kila siku, na bunge likachafuka. Mheshimiwa mmoja alisimama na machozi machoni, akauliza ni kwa nini Ndugu Chini alazimishwe kulala kwenye kinyesi cha Juu baada ya yote yaliyotokea. Mwingine akasema kuhamisha panya ni kuhamisha mpaka, na mpaka hauhamishwi bila theluthi mbili za kura. Ikapitishwa sheria siku hiyohiyo: kila panya abaki kwao.

Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kumfuata Bi Mwanamkuu kila aendako na kuandika afanyalo. Siku ya tano nilimwona akiwatoa wote wawili ili asafishe sanduku. Alipowarudisha, wa kahawia aliingia kulia na mweusi kushoto.

"Mama," nikasema, "umewakosea pande."

"Macho yangu yameanza kuchoka," akajibu, akiendelea kufuta kioo.

Aliwakosea kila siku. Sikuandika, nami sijui kwa nini sikuandika. Pengine kalamu ilikuwa imekauka. Siku ya saba mchana alinivuta mkono, akanionyesha. Ndugu Juu na Ndugu Chini walikuwa wamelala wamejikunja, migongo yao imegusana kupitia wavu, na vishungi vya mikia vinatikisika kwa pumzi. Mkia wa mweusi ulikuwa na kigaga pale ulipokatika.

"Bado siku kumi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikipewa siku kumi, hawa watalala tundu moja."

Jioni hiyo hakwenda nyumbani. Alikwenda uwanjani, nami nikamfuata kama sheria ilivyonitaka.

Dada yake mkubwa, Bi Somoe, alikuwa kwenye hema lililosimikwa karibu na kibendera cha kona. Kumbe walikuwa Wachini. Bi Somoe alikuwa na nyumba ya vyumba vinne katika mtaa wa Mivinje, mtaa wa Wajuu, ukuta wake mmoja na jirani aitwaye Ngwali. Walishirikiana ukuta ule miaka kumi na tisa. Watoto wa Ngwali walijifunza kutembea kwenye baraza la Bi Somoe.

Nilitarajia atuulize habari za nyumbani. Alichouliza ni kingine.

"Panya wako wamefikia wapi, Mwanamkuu?"

"Wameanza kulala karibu, dada."

"Hapa kila hema lina redio. Wakisema leo wamekula vizuri, watu wanafunga mizigo. Wakisema wamekasirika, watu wanafungua. Jana mama mmoja hapo amefunga mara tatu." Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, haangalii juu. "Waambie wasiharakishe."

"Hutaki kurudi kwako?"

"Nataka mpaka naumwa. Lakini nirudi kwa nani? Siku ile wale vijana walipokuja na petroli sikuwajua hata mmoja, walitoka mbali. Ngwali namjua. Ngwali alikuwa amesimama mlangoni pangu, amekunja mikono. Hakuwasha. Hakuzima. Moto ulipomaliza vyumba vyangu viwili ukala paa lake lote, na sasa nasikia amehamia yeye na wanawe kwenye vyumba vyangu vilivyobaki." Akatupa kijiwe nje ya hema. "Nikishushwa pale kesho, Mwanamkuu, nitamwambia nini? Shikamoo?"

Bi Mwanamkuu alikaa akamsaidia kuchambua mchele mpaka ukaisha.

Siku ya nane Waziri Tindo alikuja na maofisa wa itifaki wawili na akaamuru wavu utolewe, wanyama wafanye mazoezi ya sherehe.

"Ukiutoa leo, mmoja atakufa," Bi Mwanamkuu alisema.

"Una hakika?"

"Wataanza kwa kufukuzana. Halafu watasimama wima na kupigana mikono kama mabondia. Halafu watashikana donge, na hapo ukiingiza kidole utakitoa bila nyama. Nina hakika."

Waziri alifikiri. Lazima niseme kwamba alikuwa mtu mwepesi wa fikra. Wenye wizara nzito huwa hivyo. Akatoka, na baada ya saa mbili akarudi na kikapu. Ndani mlikuwa na panya wengine wawili wa jangwani, wote wa kahawia, waliotoka nyumbani kwa daktari mmoja mgeni aliyewafugia watoto wake. Walikuwa wamezaliwa na mama mmoja, siku moja, na hawajawahi kutengana. Mmoja wao alikuwa amelowa. Alipopanguswa na taulo tukaona ni mweusi tii, na taulo nalo likawa jeusi.

"Piko," Waziri alieleza. "Mke wangu ndiye anayelijua. Halitoki wiki mbili."

Bi Mwanamkuu alimchukua yule mnyama, akamfuta macho kwa ncha ya kanga, polepole, dawa isimwingie.

"Na watu wa uwanjani, Mheshimiwa?"

"Watarudi makwao. Si ndilo wanalolilia miezi minne?"

"Wanarudi kwa sababu hawa wamepatana. Na hawa hawajapatana. Hawakugombana hata siku moja, hawa."

"Mama," Waziri alisema kwa upole sana, "dada yako yuko hema la kona, siyo? Karibu na kibendera. Ningependa arudi salama. Kesho utaulizwa swali moja mbele ya taifa, nawe utajibu neno moja: wamepatana. Halafu utapumzika."

Siku ya Mshikamano ilifika na jua lake. Sherehe ilifanyika kwenye viwanja vya Ikulu, wananchi laki moja, bendi tatu, na sanduku la kioo juu ya jukwaa lililotandikwa zulia. Kamera zilisogea mpaka pua za wale panya zikajaa runinga zote za nchi. Walifanya kama wafanyavyo ndugu: waliramba nyuso, wakagombea mbegu moja ya alizeti bila chuki, wakaingia kwenye maranda, wakalala mmoja juu ya mwingine. Mwanamume aliyekaa jirani yangu alikuwa analia, na alikuwa ofisa wa usalama.

Mtukufu Mlezi akampa Bi Mwanamkuu kipaza sauti. "Mtaalamu, waambie wananchi. Hawa wamefikaje hapa?"

Alikishika kwa mikono miwili. Alimtazama Waziri, kisha akatazama mbali, upande wa uwanja wa mpira.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja," alisema.

Umati mzima ukanguruma. Laki ya watu walisimama. Mtukufu Mlezi alishika kifua.

"Sikilizeni," Bi Mwanamkuu aliendelea, na nikaona sasa anaogopa, "nasema kweli. Mama yao mmoja. Hakuna Juu na Chini humu. Huyu mweusi amepakwa rangi tu. Ukimwosha ni sawasawa na mwenzake."

Hapo watu wakakumbatiana. Wajuu waliwakumbatia Wachini, na pale ambapo hapakuwa na Wachini wa kutosha Wajuu walikumbatiana wenyewe. "Amepakwa rangi tu," walirudiarudia, wakifutana machozi. Bendi zote tatu zilianza kupiga, kila moja wimbo wake. Bi Mwanamkuu alikuwa bado anasema, niliona midomo yake, na nadhani alikuwa anasema neno piko, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa na kwaya. Ilipofika saa kumi maneno yake yalikuwa yamekwisha pigwa chapa kwenye kanga.

Hakuadhibiwa. Waziri Tindo alikuwa mwerevu mno kwa hilo. Bi Mwanamkuu aliteuliwa Mshairi wa Serikali, akapewa ofisi yenye dirisha, akakatazwa kugusa wanyama kwa kuwa si kazi ya hadhi yake. Panya wake wawili, wale wa kweli, waliachwa kwenye chumba cha nyuma cha wizara. Jumatatu mhudumu mmoja alitaka kupunguza vitu, akaona sanduku lina wavu usio na maana, akautoa. Bi Mwanamkuu alipewa habari Jumanne. Alikwenda akamkuta mweusi amejibanza kwenye kona, anatetemeka, jicho moja limefumba. Wa kahawia alikuwa amelala ubavu katikati ya sanduku. Ofisi ya itifaki iliandika kwamba Ndugu Juu amestaafu. Bi Mwanamkuu alimfunga kwenye leso, akamzika nyuma ya maabara ya chuo, na aliyebaki akampeleka kwa mwanafunzi wake wa zamani. Kisha akaenda Mivinje, kwa dada yake. Ofisi yenye dirisha hakuiona tena.

Maana Jumatatu hiyohiyo malori yalikuwa yameondoa Wageni wa Uwanja wote elfu kumi na moja, kila mtu na godoro lake. Wajumbe wa kamati, pamoja nami karani wao, tuligeuzwa kuwa Waangalizi wa Furaha, kila mmoja na mitaa yake, na fomu yenye swali moja: Je, mmepatana? Kulikuwa na visanduku viwili vya kutia alama. Kimoja kilisema Ndiyo, cha pili kilisema Ndiyo Sana.

Mivinje ilikuwa kati ya mitaa yangu. Nilikuwepo Bi Somoe aliposhushwa. Ngwali, mwanamume mrefu aliyepinda mabega, alitoka mlangoni na mkewe na watoto wanne nyuma yake. Mpiga picha wa serikali akawataka wakumbatiane. Wakakumbatiana. Akasema jua lilikuwa nyuma, wakakumbatiana tena upande mwingine. Mara ya tatu alisema ilipendeza, akapanda gari, akaenda nyumba ya pili.

Bi Somoe akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Ngwali, una watoto, sitakutoa nje leo," alisema. "Lakini sitaki kukuona."

"Sawa, Bi Somoe."

Mdogo wake alipofika, dada wawili waliokota mabati yaliyobabuka kwenye vifusi, wakayasimamisha kutoka ukutani mpaka mwisho wa ua, wakayafunga kwa waya. Chumba kimoja na jiko vikabaki kwa Bi Somoe. Chumba cha pili na kisima vikabaki kwa Ngwali.

Katika mitaa mingine hawakuwa na mabati. Wiki ya kwanza nililetewa taarifa za watu hamsini na watatu waliosalimiana kwa nguvu. Kijana mmoja wa Kichini alirudi kwa lori asubuhi, na mchana alirudishwa mjini kwa lori lilelile, amefunikwa. Kwenye fomu yake mwenzangu alikuwa ametia alama ya Ndiyo kabla ya kuondoka, kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingi za kupitia.

Mivinje nilipita kila siku, na kila siku nilikuta bati limesimama. Bi Mwanamkuu alikuwa anateka maji mtaa wa tatu. Siku ya kumi, kwenye mwisho wa mabati, kulikuwa na ndoo iliyojaa maji ya kisima. Bi Somoe aliiona, akaimwaga. Siku ya pili yake ikawepo tena, akaimwaga tena. Siku ya tatu alikaa akaitazama muda mrefu, kisha akaoshea miguu. Mdogo wake alikuwa amekaa kizingitini akisuka mkeka, na niliona mikono yake imesimama.

Wiki ya nne ikatoka Amri ya Kuondoa Vizuizi vya Mshikamano. Nilikuja Mivinje na askari wawili na nyundo. Bi Mwanamkuu alikuwa ameitwa wizarani siku hiyo, kujieleza kuhusu utenzi ambao hakuuandika. Askari wa kwanza alipoinua nyundo, Ngwali alitoka upande wake.

"Bwana karani, hiyo iacheni."

"Ni amri, Bwana Ngwali."

"Najua ni amri. Lakini bado."

Na upande wa pili wa bati, sauti ya Bi Somoe ikasema, "Bado."

Askari wakatazamana. Sheria ilikuwa na adhabu kwa wasiopatana, na ilikuwa na zawadi kwa waliopatana, lakini hakuna aliyewaza kwamba watu wangepatana juu ya bati. Bati likabomolewa, nao wakachukuliwa wote wawili hadi kituo cha polisi, kwa kosa la kukubaliana bila kibali.

Kituoni kulikuwa na benchi moja. Bi Somoe alikaa mwisho huu, Ngwali mwisho ule. Sajini alikuwa anatafuta kitabu cha makosa. Nikasikia Bi Somoe anazungumza, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

"Siku ile ulisimama mlangoni pangu umekunja mikono. Ulikuwa unangoja nini?"

Ngwali alifungua kiganja chake, akakitazama, akakifunga.

"Nilikuwa nangoja mtu aseme waacheni."

"Akasema nani?"

"Hakusema mtu."

"Na wewe sauti ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, Bi Somoe."

Bi Somoe alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu kizito na bado hajui pa kukiweka. Hakusema amesamehe. Hakusogea mbali pia.

Sajini alikuwa amepata kitabu. Akanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa na karatasi. "Tuwaandikie kosa, bwana mkubwa, au tufanyeje?"

Mle ndani tulikuwa watu sita. Nilitazama mlango, nikidhani Waziri ataingia, au mtu yeyote mwenye cheo. Hakuingia mtu. Nikasikia sauti ikisema, "Waacheni," na nilichelewa kidogo kutambua kwamba ni yangu.

Wakaachiwa. Kupitia dirishani niliwaona wanashika barabara ya Mivinje, Bi Somoe upande wa kulia, Ngwali upande wa kushoto, mwendo mmoja. Sikuona walivyofika. Sajini alikuwa amekwisha piga simu wizarani, na alipoiweka chini aliniomba, kwa heshima zote, nimpe ile kalamu na nikae walipokuwa wamekaa wale wawili.

Nikakaa. Benchi lilikuwa bado na joto lao.